Madole Meusi ya Uvuoni

Gati ya Mokowe saa nne asubuhi haina adabu. Mabasi yanamwaga watu, wapagazi wanagombania mizigo, manahodha wanaita abiria wa kisiwa cha Amu kana kwamba Amu inahama. Hapo, katikati ya ngazi, alisimama Husni Kamaludin na simu sikioni, amewazibia watu wote.

"Nipishe ndia, Bwana. Mzigo wangu wayeyuka."

Aligeuka. Nyuma yake palikuwa na mwanamke wa miaka kama thelathini, buibui limepandishwa kidogo juu ya viatu vya raba, mtandio wa zambarau, na mikononi kasha la plastiki linalodondosha maji.

"Una nini humo?"

"Barafu."

"Umeitoa wapi?"

"Kwetu, Uvuoni."

Husni alicheka. Uvuoni alikujua, kijiji kidogo upande wa Faza, ambako samaki asipouzwa kabla ya adhuhuri hutupwa. "Dada, Uvuoni hakuna stima."

Yule mwanamke hakubishana. Alifungua kasha, akatoa kipande kama ngumi, akamtia kiganjani. "Shika. Kisha niambie tena."

Jua lilikuwa linachoma zege la gati, na ile barafu ikamchoma mkono kwa namna yake. Ilikuwa safi, unaona vidole upande wa pili. Kicheko kilimwisha.

"Yatoka juani," alisema mwanamke. "Paneli ni zetu, betri ni zetu, nguzo tumezisimamisha wenyewe. Tu wanachama mia moja na kumi na wawili, wote wanawake. Nampelekea karani wa kamati ya kawi, pale bunge la kaunti, aone kwa macho yake. Wamjua?"

"Namjua," alisema Husni. "Sasa hivi mkono wake umekufa ganzi."

Khairiya, maana ndilo jina lake, aliziba mdomo kwa mtandio. Lakini macho yalikuwa yanacheka.

Alikuwa katibu wa ushirika wa umeme wa Uvuoni, na shida yake ilikuwa moja. Kibali chao cha muda kilikuwa kinaisha. Bunge la kaunti lilikuwa na mswada wa umeme, na katika mswada ule ushirika haukutajwa popote. Ukipita hivyo, nguzo, nyaya na betri zao zingekabidhiwa kampuni fulani kutoka mbali, na wao wangebaki wateja wa jasho lao wenyewe.

Simu zilianza kwa mambo ya sheria.

"Bwana Karani, kifungu cha tisa chasema 'mtoa huduma aliyeidhinishwa'. Sisi tumo?"

"Hamumo. Ombeni yaongezwe maneno: 'au ushirika wa jamii'."

"Maneno manne tu?"

"Manne tu, Bi Barafu. Lakini ombi lije na saini au dole gumba la kila mwanachama."

Wiki ya pili sheria ilipungua kwenye simu hizo.

"Umekula?"

"Nimekula mkate wa mofa."

"Na nani?"

"Na wivu wako, Bwana Karani. Hausazi hata kipande."

Husni alikuwa mtu wa miaka thelathini na sita, mpole, wa shati jeupe lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Akisikia sauti ile alijiona mdogo, kama mtu aliyeinua macho akaziona nyota zote kwa mara moja.

Ijumaa Khairiya alileta ombi. Jumatatu Husni alilifungua, akalisogeza kwenye mwanga. Madole yote mia moja na kumi na mawili yalikuwa meusi, mazito, yanang'aa. Hayakuwa na mistari ya kidole. Yalifanana kama yametoka mkono mmoja.

Angeweza kupiga simu. Hakupiga. Aliandika pembeni, kwa mwandiko wake mzuri: "Alama hazisomeki. Yaelekea zimetiwa na mtu mmoja." Akalirudisha.

Khairiya alipiga mara moja tu.

"Husni, umetuita waongo?"

"Nimeandika nilichokiona, Khairiya."

"Basi hukuona kitu." Simu ikakatika. Kutoka hapo Husni alimpigia mara kumi na tisa, ikalia bure.

Jumanne alasiri alikuwa kwao Amu. Dada yake, Rania, alikuwa karibu kuolewa, amelazwa juu ya jamvi, anapambwa mikono. Tone la rangi nyeusi lilidondoka kwenye karatasi. Husni aliinama. Lilikuwa zito, linang'aa.

"Rania, ni nini hii?"

"Piko! Wewe umezaliwa nti gani?"

"Ikiingia kidoleni?"

"Hata usugue kwa mchanga, siku kumi haitoki."

Husni aliacha chai yake ikapoa.

Alfajiri alipanda boti hadi Faza, kisha pikipiki hadi Uvuoni. Nyuma ya nyumba za mwisho alikuta paneli arobaini zimelala safu kwa safu, zimeinuliwa uso kuelekea jua. Kando yake kulikuwa na chumba cheupe cha betri, kinavuma kwa sauti ya chini kabisa. Mlango wa pili ulikuwa wa zahanati, na ndani friji yenye chanjo za watoto. Mlango wa tatu, samaki juu ya barafu. Nyaya zile nyembamba zilibeba haya yote, na ndege walikuwa wamezikalia. Husni alivua viatu mlangoni mwa chumba cha betri, kama mtu aingiaye msikitini. Hakujua kama amevivua.

Khairiya alimwona. Alikuwa juu ya ngazi, anafuta vumbi kwenye paneli.

"Umekuja kuhesabu vidole vyetu?"

"Ndiyo. Mlitumia piko."

"Kidau cha wino kilikauka, na siku ile kulikuwa na arusi. Piko ilikuwa tele. Simu yangu unayo, Husni. Kila asubuhi waniuliza kama nimekula. Hilo lilikushinda kuniuliza?"

"Niliogopa. Watu wangesema karani anampendelea mpenzi wake. Nikakaza kuliko kanuni yenyewe."

"Ukatuita sisi waongo ili wewe uitwe mwaminifu."

Husni alisimama juani, miguu mitupu. "Nimekosa," alisema mwishowe. "Lakini mtia saini akifika mwenyewe mbele ya kamati, nalazimika kulipokea ombi. Kesho ni kikao cha mwisho. Asubuhi kamati, alasiri bunge lapiga kura. Baada ya hapo ni likizo, na kibali chenu kimekwisha."

"Wote? Bi Mwanamkisi ana miaka themanini na mitatu. Hapandi boti."

"Nani kasema sipandi?" iliita sauti nyuma ya ukuta.

Asubuhi ya Alhamisi maboti manne yalifunga Mokowe. Walishuka wakishikana mikono, mabuibui meusi, leso za kila rangi, harufu ya udi ikitangulia. Walijaza ukumbi wa bunge, wakajaza ujia, wakasimama hata uani.

Mwenyekiti wa kamati, Bi Razan, alishusha miwani. "Karani, hawa ni nani?"

Husni alisimama. "Ni saini, Mheshimiwa. Mimi niliandika kwamba zimetiwa na mtu mmoja. Nilikosea."

Khairiya aligeuka akawatazama wenzake. Aliinua mkono wa kulia. Nyuma yake iliinuka mikono mia moja na kumi na mmoja, ya mabinti, ya mama wanyonyeshao, na wa Bi Mwanamkisi uliokunjamana. Kila dole gumba lilikuwa jeusi tititi. Mheshimiwa mmoja aliyekuwa akichezea simu aliiweka chini, taratibu, akasimama bila kuambiwa. Kisha wengine wakasimama.

Husni alizunguka na ombi walilokuja nalo tena, akilinganisha jina, kitambulisho na kidole. Ilichukua saa mbili. Alipofika kwa Khairiya, macho yalimjaa machozi, ikabidi asome jina mara mbili.

"Karani asoma polepole," alinong'ona Khairiya.

"Asoma jina zuri."

Alasiri maneno manne yaliingia kifungu cha tisa. Spika aliuliza wanaokubali. "Ndiyo" ile ilitikisa madirisha.

Nje, akina mama walikuwa wanapiga vigelegele hadi wapagazi wa gatini wakaja kutazama. Husni alimkuta Khairiya kwenye ngazi ileile ya gati walipoonana mara ya kwanza, safari hii yeye ndiye aliyeziba njia.

"Nipishe ndia, Bi Barafu."

"Sikupishi. Sema kwanza."

"Nataka kumtuma mama yangu, Bi Mwana, aje Uvuoni kwa wazee wako. Kama hasira zako zimekwisha."

"Nimekasirika bado."

Husni aliinamisha kichwa. Khairiya akaliinua dole lake jeusi hadi mbele ya macho yake.

"Bi arusi hupakwa piko vidole vyote," alisema. "Mwambie mama yako aje upesi, kimoja kishapakwa. Vimebaki tisa."