Picha ya Mbingu kwa Mzee Awwad

Kila alasiri akitoka shule, Wadha aliwapa mbuzi majani, akamsaidia mama yake kukanda unga, ndipo akafungua daftari. Siku ya zamu yake ya kamera, kazi hizo alizifanya mbio mbio.

Kamera ilikuwa ya klabu ya picha ya shule ya wasichana ya Rum, kijiji cha jangwani. Mwalimu Ibtisam hakuchoka kurudia: "Lenzi hii pana inameza mbingu nzima. Tundu lake la mwanga lifungueni mpaka mwisho. Picha moja isizidi sekunde ishirini, la sivyo nyota zitatoka michirizi. Na ukali wa picha mrekebishe kwa mkono: ikuzeni nyota moja kwenye kioo cha kamera, mzungushe pete ya lenzi polepole mpaka iwe nukta."

Usiku huo Wadha alipiga picha tano safi nyuma ya nyumba. Alipoitwa kula, aliinyanyua stendi ya kamera bila kukaza kifungo kinachoishika. Kamera ikachomoka, ikagonga mwamba. Aliipangusa na kuikagua. Haikuwa na ufa. Asubuhi akairudisha shuleni bila kumwambia mtu.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Nuf, rafiki yake. Babu yake Nuf, Mzee Awwad, aliyewahi kuongoza misafara kwa nyota, alikuwa mgonjwa kitandani, miezi miwili hajatoka nje.

"Nataka nimpelekee mbingu chumbani," Nuf alisema.

Lakini picha zake zilitoka vibaya. Nyota za kulia zilikuwa nukta. Za kushoto zote zilikuwa na mikia.

"Hizi nyota au mchele uliomwagika?" wenzake walimcheka.

Mwalimu aliigeuza lenzi mkononi. "Hii imegongwa. Ndiyo maana imeharibu upande mmoja tu. Nuf, uliiangusha?"

"Wallahi sikuiangusha, Mwalimu!"

"Picha za Wadha zilitoka safi, na baada yake ulikuwa nayo wewe. Hutaigusa tena mpaka useme kweli."

Wadha aliinamia dawati lake. Kila asubuhi alijiambia atasema leo, na kila jioni alirudi nyumbani hajasema. Zikapita siku tisa.

Siku ya kumi, hema la matanga lilisimamishwa mbele ya nyumba ya kina Nuf. Wadha alimkuta rafiki yake kati ya wanawake, macho yamevimba.

"Juzi babu aliniuliza, 'Mbingu yangu iko wapi?'" Nuf alisema. "Nikamwambia kamera mbovu. Hakuuliza tena."

Wadha aliketi kando yake. "Nuf, niliiangusha mimi. Usiku kabla ya zamu yako."

"Ulijua siku zote hizi?"

"Nilijua."

Nuf alisimama, akaenda kuketi kati ya shangazi zake.

Asubuhi iliyofuata Wadha alisema yote mbele ya darasa. Jioni mwalimu alikwenda matangani kumwomba Nuf radhi, akamrudishia kamera na lenzi ya kuazima. Kisha akaongozana na Wadha kurudi nyumbani.

"Lenzi itakwenda kwa fundi mjini Amman, itapona," alisema. "Kuangusha kitu ni ajali, mwanangu. Hata mimi nimeangusha. Ungeniambia asubuhi ile ile, ningeazima lenzi siku hiyo hiyo, na mzee angeiona mbingu yake. Nafurahi umesema kweli. Ila kosa likitokea, sema siku ile ile, maana kuna watu hawana muda wa kutusubiri tupate ujasiri."

Wadha aliitikia kwa kichwa.