Basi Lililokingama Darajani

Walikutana katika duka la vifungo na nyuzi, Jumamosi mchana, wateja wamebanana hadi muuzaji anapokea pesa juu ya vichwa vya watu. Kijana mrefu, shati lake la kaki limenyooshwa vizuri, alikuwa ameinua zipu nyembamba ya rangi ya waridi.

"Hii itafaa kwa kiti cha basi?"

Mwanamke aliyesimama kando yake alicheka. Alivaa gauni la bluu, na futi ya kupimia nguo ilimning'inia shingoni kama mkufu.

"Kaka, hiyo ni ya gauni. Akikaa mnene mmoja tu, imekwisha."

"Basi nichagulie wewe, dada. Nami nitakuchagulia kiti cha dirishani."

"Basi lenyewe la wapi?"

"La kiwanda cha mashati. Naanza Jumatatu."

Akacheka tena, maana katika kiwanda hicho yeye alikuwa msimamizi wa meza ya kola.

Kiti cha dirishani alikipata, na haikuchukua muda wanawake wa meza yake wakaanza kumwita Dereva shemeji. Jioni walipigiana simu.

"Umekula?"

"Nimekula. Nilikuwa nakuwaza, nikasahau chumvi."

"Mwongo wewe. Hujui kupika hata na chumvi."

Jambo moja tu hawakulizungumza sana. Mwaka uliotangulia, kabla Dereva hajaajiriwa, tufani ilipiga mji. Shangazi yake Msimamizi, aliyemlea na kumfundisha kushona, alitoka kwa miguu kwenda zamu, na maji yakamzoa juu ya daraja la chini. Kiwandani watu walisimama kimya kidogo, kisha mashine zikawashwa. Tangu siku hiyo Msimamizi alishika neno moja: Shangazi hakukosa zamu, naye hatakosa.

Kisha tufani nyingine ikaja. Redio ilitangaza watu wabaki majumbani. Meneja akatuma ujumbe kwamba kazi ipo kama kawaida, basi litapita. Asubuhi simu ya Msimamizi ikalia.

"Mpenzi, leo usitoke," alisema Dereva.

"Basi linapita saa ngapi?"

"Leo sipakii mtu. Kaa ndani."

"Hujanioa, umeshaanza kunifungia mlango?"

"Sikufungii. Nakuomba."

"Ogopa wewe. Mimi nina meza inanisubiri. Lala salama, Dereva."

Akakata. Hasira zilipopoa akapiga tena, simu haikupatikana. Akaamini mwanamume amejifunika blanketi.

Wenzake aliwakuta kwenye kona yao, wamejibanza ukutani, mifuko ya plastiki vichwani.

"Shemeji yuko wapi?" aliuliza binti mdogo kuliko wote.

"Shemeji yenu amelala. Twendeni kwa miguu."

Walitembea wameshikana mikono, mabati yakigongana juu yao, upepo ukiwasukuma kama mtu mwenye haraka. Walipofika kwenye daraja la chini, wakasimama. Basi la kiwanda lilikuwa limekingama mbele ya daraja, limeziba njia karibu yote. Dereva alisimama mbele yake, shati la kaki limemganda mbavuni. Nyuma yake maji ya kahawia yalipita juu ya daraja.

"Kumbe hukulala," alisema Msimamizi.

"Ningelala vipi na ninakujua? Simu imeingia maji, la sivyo ningekupigia hadi uchoke."

"Toa basi njiani."

"Sitoi."

"Unataka kuniharibia kazi?"

"Upenyo uko pale ubavuni. Sitakushika mkono, mama. Lakini ukipita wewe, hawa wote watakufuata."

"Shangazi yangu alipita hapa. Hakukosa zamu hata siku moja."

"Najua."

"Basi usinifundishe."

"Sikufundishi. Nakuuliza tu. Asubuhi ile, kama angetokea mtu hapa akamwambia arudi, wewe ungemchukia mtu huyo?"

Msimamizi aligeuka kuwatazama wenzake. Yule binti mdogo alikuwa ameshapandisha sketi magotini, macho kwake, akingoja yeye atangulie.

Akatoa simu, akaikinga kwa kanga ya kichwani.

"Meneja, meza ya kola haiji leo."

"Haiji kivipi? Basi si limetoka?"

"Limetoka. Ndilo limetuzuia."

"Ukirudi nyumbani leo, usimamizi huo utampa mwingine."

"Nitampa. Ila huyo mwingine naye yuko hapa, nimeshamwambia arudi."

Dereva aligeuza basi, akawarudisha mmoja mmoja hadi milangoni kwao. Msimamizi alikaa kiti cha dirishani na kulia njia nzima, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Daraja halikuanguka. Maji yalipopungua, Meneja aliingia kwenye ukumbi wa kushonea huku akitabasamu.

"Daraja lile pale limesimama. Mliogopa nini?"

"Hata siku ya shangazi yangu lilisimama," alisema Msimamizi.

Mashine zikanyamaza, meza moja baada ya nyingine. Meneja alitazama viatu vyake, akatoka. Usimamizi hakuutaja tena, na katika tufani zilizofuata, ujumbe wake ulisema watu wabaki nyumbani. Lakini Dereva alifukuzwa. Akapata lori la saruji, na Jumamosi moja akaja mlangoni kwa Msimamizi na vumbi kwenye nyusi.

"Sasa sina kiti cha dirishani cha kukupa."

"Una nini?"

"Nina mdomo tu."

"Huo unaojua kusema sitoi?"

"Huohuo."

"Basi ndio ninaoutaka. Jumapili twende kwa baba mdogo, ukautumie kuniposa."

Dereva akajifuta uso kwa mkono, akatazama mawingu.

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha ya kawaida, tutalowa. Ikiwa tufani, baba mdogo atasubiri."