Pasi Ishirini na Nne

Kasha la chuma lilikuwa wazi, na halikuvunjwa. Hilo ndilo la kwanza Inspekta alilolitia akilini alipoingia ofisi ya chama cha mpira saa mbili asubuhi. Ndani ilibaki pasi moja tu ya kusafiria, ya Mwenyekiti. Nyingine ishirini na nne, za wachezaji na makocha, zilikuwa zimeyeyuka.

"Mwaka mzima timu hii haijapiga pasi tano zikafika," Sajini alinong'ona huku akipaka unga wa kuinulia alama za vidole. "Leo zimepotea ishirini na nne kwa mpigo."

Inspekta hakucheka. Ndege ilikuwa ya saa tisa mchana.

Mwenyekiti alikuwa akizunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Tusipofika tunafungiwa miaka miwili!"

"Huko mnakokwenda watu wanapigana."

"Wanapigana mpakani. Uwanja uko mjini. Tumehakikishiwa usalama."

"Na safari ile nyingine?"

Mwenyekiti akakohoa. Safari ile, nchi hiyohiyo, basi la timu lilimiminiwa risasi, na winga wa kushoto akarudi kwao ndani ya jeneza.

"Ile ilikuwa bahati mbaya."

"Nani ana ufunguo wa kasha?"

"Mimi na Katibu. Wangu huu hapa, hautoki kiunoni."

Katibu alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema. Alijibu akiwa amesimama wima.

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Ufunguo?"

"Mfukoni."

"Kuna uliyemwazima?"

"Hakuna."

Hapo Inspekta akamtazama vizuri. Asiye na hatia akibanwa hivyo hutafuta wa kumsukumia. Huyu hakutafuta. Akaamuru wote wenye funguo wachukuliwe alama za vidole, kisha akashuka kwa mlinzi wa getini. Mlinzi akaapa kwamba tangu jana mchana hakuna aliyetoka na mfuko wala bahasha.

"Basi mali iko humu humu," Inspekta alimwambia Sajini. "Tupekue."

Walipekua hadi saa saba. Katika stoo ya vifaa, masanduku ya wachezaji yalipangwa kwa namba, yote yamelaliwa na vumbi. Moja tu lilikuwa na alama za viganja viwili juu yake. Namba kumi na moja.

"Hilo halifunguliwi, afande," mtunza vifaa alisema. "La marehemu."

Likafunguliwa. Viatu vilikuwa na tope lililokauka. Jezi ilikuwa na tundu chini ya kwapa. Chini ya jezi, pasi zote, zimefungwa pamoja kwa utepe wa mpira.

Zilipigwa picha kama vielelezo, kisha Sajini akazipakia garini na kuondoka mbio kwenda uwanja wa ndege, king'ora kikilia. Alama za vidole sandukuni zilikuwa za Katibu.

Kituoni, Inspekta alimsomea haki zake. Katibu akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini?"

"Yule winga ni mwana wa dada yangu. Aliniuliza, 'Mjomba, huko kuna usalama kweli?' Nikamwambia nimeisaini barua ya usalama mwenyewe."

"Ulikuwa umehakikisha?"

"Mwenyekiti aliniletea imeshaandikwa. Nikasaini. Wiki iliyopita akaniletea nyingine. Maneno yaleyale, tarehe tu ndiyo mpya. Na mdogo wa marehemu ameitwa timu ya taifa. Dada yangu hana mwingine."

"Ungekataa kusaini."

"Angesaini mwingine, nami ningekuwa nyumbani, sina kazi. Woga, Inspekta. Sikuweza kusema hapana, nikaiba."

"Ungeficha ya mpwa wako peke yake."

"Wangeondoka wenzake. Nao wana mama zao."

"Na ya Mwenyekiti ukaiacha."

"Yeye ndiye anayesema kuna usalama. Nilitaka aende peke yake akatuhakikishie."

Inspekta akatazama saa. Saa tisa na robo. Mwenyekiti alikuwa amempigia simu muda mfupi uliopita, akamsifu kwa kazi nzuri. Yeye binafsi, alisema, angewafuata vijana keshokutwa, kikao kikiisha. Inspekta akatoka barazani kumpigia Sajini.

"Imeruka, afande. Pasi zimefika kwa wakati."

Kwenye benchi la baraza alikuwa ameketi mama mmoja, kanga imebanwa kwapani, kandambili zimevaliwa kinyume kwa haraka. Uso wake ulikuwa ule wa Katibu.

"Afande, nasikia mmemkamata kaka yangu." Hakulia. "Mwaka mzima sijasema naye. Lakini amezificha, si ndiyo? Mwanangu hakwenda?"

Inspekta akaketi kando yake. Miaka kumi na tisa kazini, hakuwahi kuona ugumu wa kutaja aliyetatua kesi.

"Ameondoka, mama. Pasi zilipatikana."

Mama akamgeukia taratibu.

"Nani kazipata?"

"Mimi."