Mkono Ambao Matrida Aliuficha

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi mwaka 2025, mvua ilianza kunyesha kijijini Suguti kabla ya mapambazuko. Matrida, msichana wa darasa la sita, aliamka, akaondoa majivu jikoni, akawasha moto na kuteleka uji wa ulezi. Aliukoroga kwa mkono wa kulia, polepole, huku matone yakirukia kwenye mafiga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefichwa chini ya kanga. Hapakuwa na mtu mwingine jikoni, lakini aliuficha vilevile, kwa sababu ndivyo alivyozoea.

Matrida alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Bibi Wankyo, mama mzazi wa baba yake, aliyeolewa hapo kutoka Butiama, hakupendezwa na jambo hilo hata kidogo. Kwake, mkono wa kushoto haukuwa mkono wa kulia chakula, wala wa kusalimia, wala wa kumpa mtu kitu. Matrida alipokuwa mdogo, kila walipoketi kula, Bibi aliufunga mkono huo kiunoni kwa kipande cha kanga. Hakufanya hivyo kwa chuki. Alikuwa akimwambia, "Ficha huo, mjukuu wangu. Nataka watu wasikucheke." Matrida alimpenda sana bibi yake, hivyo akauficha.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huo, Bibi alipatwa na kiharusi. Upande wake wote wa kulia ulilegea, mkono, mguu na nusu ya uso, na maneno yaliyobaki mdomoni mwake yakawa machache. Alilazwa hospitalini Musoma, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimweleza Jenoveva, mama yake Matrida, bila kumficha: "Mkono wa kulia huenda usirudi. Mfundisheni kula kwa mkono wa kushoto, na mhakikishe anakula vizuri. Dawa peke yake hazitamweka hai."

Bibi hakukubali. Asubuhi hiyo ya Jumatatu, kama asubuhi nyingine zote, Jenoveva alimwinua, akamwegemeza kwenye mto na kumwekea kijiko katika vidole vya kushoto.

"Mama, jaribu kidogo tu," alisema kwa upole.

Bibi alivilegeza vidole, kijiko kikaanguka. Kisha akauvuta mkono huo chini ya shuka na kugeuza uso ukutani. Alipolishwa alimeza vijiko vichache, halafu akafumba mdomo.

"Mama, kwa nini hataki?" Matrida aliuliza walipotoka nje.

Jenoveva aliutazama uji uliobaki kwenye bakuli. "Anaona aibu, mwanangu. Kulishwa kama mtoto mchanga ni aibu kwake. Na mkono uliobaki ndio ule ambao maisha yake yote amesema haupeleki kitu mdomoni."

Matrida alikuwa na mpango wake, na hakuwa amemwambia mtu.

Kabla ya kuugua, Bibi alikuwa ameanza kushona kikapu cha kuhifadhia mbegu za ulezi. Kikapu cha namna hiyo huanzia chini: fundi huchukua kitita chembamba cha nyasi, hukizungusha kama gamba la konokono, na kila mzunguko hushonwa juu ya ule uliotangulia kwa uzi wa katani na sindano nene ya kushonea magunia. Wanawake wa Suguti walivijua vikapu vya Bibi Wankyo kwa kuvitazama tu. Hiki kilikuwa kimefika nusu. Matrida aliamini kwamba Bibi akikiona kimekamilika, atapata moyo wa kula.

Shuleni, Mwalimu Yusto alikuwa amewaagiza wanafunzi watengeneze kazi za mikono walizobuni wenyewe. Zitakazochaguliwa zingepelekwa kwenye maonesho Musoma mjini. Matrida alikileta kikapu cha Bibi. Wakati wa mapumziko alijitenga nyuma ya darasa, akajaribu kushona. Mkono wa kulia ulimsumbua. Sindano ilipita pasipotakiwa, na uzi ulilegea. Akatazama huku na huku, akaihamishia sindano mkono wa kushoto.

"Nimekuona," ilisema sauti juu ya ukuta mdogo. Ilikuwa sauti ya Clever, mvulana wa darasa lake. "Mashoto amerudi kazini. Sasa hicho kikapu nani ataweka mbegu humo? Si zitaota kichwa chini?"

Wavulana wawili waliokuwa nyuma yake walicheka.

"Niache, Clever."

"Mimi nimesema nini? Nauliza tu. Bibi yako mwenyewe alikuwaga anakufunga kamba, mama yangu alinisimulia."

Matrida aliirudisha sindano mkono wa kulia. Masikio yalimwaka moto hadi kengele ilipolia.

Mchana, Mwalimu Yusto alipita kwenye madawati akikagua. Alikishika kikapu, akakigeuzageuza.

"Mishono hii ya chini ni ya nani?"

"Ya bibi yangu, Mwalimu."

"Na hii ya juu?"

"Yangu."

"Unafuata alama zake, lakini unazifuata kwa woga. Sikuoni wewe humu ndani." Hakusema kwa ukali. "Unaposhona, unafikiria nini?"

Matrida aliinamisha kichwa. "Nafikiria mkono, Mwalimu."

Mwalimu hakuelewa jibu hilo, naye Matrida hakuthubutu kulifafanua.

Nyumbani alijifungia chumbani kwake, akafumua mishono yake mibaya na kujaribu tena kwa mkono wa kushoto. Hapo alikutana na tatizo ambalo hakulitarajia. Bibi alikuwa ameshona akielekea upande mmoja, lakini mkono wa kushoto ulitaka kwenda upande wa pili. Kila alipokaza uzi, kitita cha nyasi kilimrudia kama ndama anayekataa kamba. Alivuta, nyasi zikakatika. Mkono wa kulia haukuweza, na wa kushoto ulikataliwa na kikapu chenyewe. Matrida alikisukuma chini ya kitanda na kulala bila kula.

Bibi aliendelea kudhoofika. Mhudumu wa afya wa kijiji alikuja, akaifinya kidogo ngozi ya mkono wake, nayo ikabaki imesimama kama karatasi iliyokunjwa.

"Anakauka," alimwambia Jenoveva mlangoni kwa sauti ya chini. "Jitahidini anywe. Akirudishwa hospitalini katika hali hii, sijui kama ataimudu safari."

Baba yake Matrida, aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi Bunda, alipiga simu na kusema kwamba yeye na ndugu zake wangekuja kumwona mama yao wote kwa pamoja. Matrida alielewa maana ya ndugu kuja wote kwa pamoja. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walikuja wakasali rozari kando ya kitanda, na walipoondoka walimshika Jenoveva mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mmoja alisema afadhali viti vya msiba vitafutwe mapema.

Siku ya Jumamosi mvua ilinyesha tena. Jenoveva alikwenda kuchukua dawa, akamwacha Matrida na Bibi. "Ukiweza, mpe hata maji," alisema, lakini uso wake haukuonesha kwamba alikuwa akitumaini.

Matrida alimpa maji, Bibi akafumba mdomo. Basi akaenda chumbani kwake, akakivuta kikapu kutoka chini ya kitanda, akarudi kukaa kwenye mkeka kando ya Bibi, si kwa nia ya kukishona, bali kwa sababu kilikuwa kitu cha mwisho ambacho mikono ya Bibi ilikifanya. Alikipakata, mdomo wa kikapu ukimwelekea. Ndani aliona ncha ya uzi aliyoisahau ikining'inia. Aliingiza mkono wa kushoto ili aivute, na bila kufikiri akaitunga kwenye sindano na kuipitisha.

Uzi ulikaza. Nyasi hazikumrudia.

Alishona mara ya pili, kisha ya tatu. Kitita kilijilaza juu ya mzunguko wa Bibi kwa utulivu, kana kwamba kilikuwa kikingoja. Ndipo alipotambua: akishona kutokea ndani badala ya nje, upande ambao mkono wake ulitaka kwenda ulikuwa ndio upande ambao kikapu kilikuwa kikienda. Siku zote hizo alikuwa amekishika kama Bibi alivyokishika, na mkono wake haukuwa wa Bibi.

Aliendelea kushona. Kwa mara ya kwanza hakuulinda mkono wake, na akili yake, ambayo kila siku ilisimama mlangoni kama mlinzi, ikapata nafasi ya kwenda ilikotaka. Ilikwenda ziwani, kwenye mawe makubwa ambako nyange, wale ndege wa shingo ndefu, hutua jioni wakiwa wamegeukia upepo. Alichukua uzi mweusi. Hakuuliza kama Bibi aliwahi kushona ndege. Alishona shingo moja iliyopinda, akairuka nafasi, akashona nyingine.

Alipoinua macho, Bibi alikuwa akimtazama.

Matrida aliuficha mkono chini ya kanga upesi, kama aliyeshikwa akiiba. Midomo ya Bibi ilihangaika kutafuta neno.

"Toa," alisema Bibi.

"Bibi?"

"Mkono. Toa."

Matrida aliutoa, akauweka juu ya shuka. Bibi aliutazama kwa muda mrefu, vidole vyenye alama za sindano, kana kwamba haukuwahi kuwapo nyumbani mle. Kisha shuka ilitikisika. Mkono wa kushoto wa Bibi ulitoka, ukashika ukingo wa kikapu na kukituliza.

"Shona," alisema.

Matrida alishona huku Bibi akishikilia. Mvua ilipopungua, Bibi alifumbua mdomo tena. "Uji," alisema.

Jenoveva aliporudi alisimama kizingitini na mfuko wa dawa mkononi. Mama mkwe wake alikuwa ameketi ameegemea mto, kijiko katika mkono wa kushoto, shuka yote imelowa uji. Nusu ya kila kijiko ilimwagika. Nusu iliingia. Matrida alikuwa karibu naye, mikono imetulia, bila kumsaidia na bila kumfuta.

Jenoveva aliketi chini palepale mlangoni akalia.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Mkono wa kulia wa Bibi haukurudi, wala hakutembea tena. Baba yake Matrida na ndugu zake walikuja wakamkuta bado ni mgonjwa. Lakini walimkuta anakula, na baada ya siku chache walirudi makwao bila kutumia hata kiti kimoja.

Kikapu kilikamilika. Ukikitazama kwa nje, unaona wazi mahali ambapo mishono ya Bibi inaishia na ya Matrida inaanzia, kwa maana huku imelala upande mmoja na kule imelala upande mwingine, na juu yake nyange wanazunguka ukingo. Mwalimu Yusto alikuja mwenyewe kukiona. Alitaka kukipeleka Musoma, lakini alipokigusa, Bibi alikishika ukingo kwa mkono wake wa kushoto na hakukiachia.

"Basi, Bibi, nimekubali," alisema Mwalimu akicheka. Akamgeukia Matrida. "Ni nani aliyeshona ndege hawa?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Safari hii nimekuona. Utashona kingine, tangu chini, kwa namna yako."

Clever, aliyekuwa amemsindikiza Mwalimu kwa udadisi, alikichungulia kikapu kwa ndani, kisha kwa nje. "Sasa sisi wa mkono wa kulia mtatufundishaje?" aliuliza.

"Tutakufunga kamba," alijibu Matrida, na hata Bibi alicheka kwa upande mmoja wa uso.

Jioni hiyo, wakiosha vyombo, Jenoveva alimwambia binti yake maneno haya: "Mwanangu, nilikuona ukificha mkono miaka yote nikanyamaza, nikadhani hiyo ndiyo adabu. Adabu ni kumheshimu mtu, wala si kujionea aibu ulivyoumbwa. Mtu anayeshinda akijificha hutumia nguvu zake zote kujificha. Hazimbakii za kubuni kitu, na wakati mwingine, kama ulivyoona kwa Bibi, hazimbakii hata za kuishi. Kaa kwa amani na nafsi yako. Kazi nzuri huanzia hapo."

Matrida alisuuza bakuli la Bibi kwa mkono wa kushoto, akalipindua ili likauke.

Nawe uliyesoma hadi hapa, usiifunge habari hii ndani ya kitabu. Huenda nyumbani kwenu au kwenye dawati lako yupo mtu anayeficha mkono, au sauti, au mguu, au jina lake. Msomee leo, naye umwombe amsomee mwingine.