Kitanda-Mwamuzi cha Wodi ya Wazazi

Kitanda-mwamuzi kilimpima Tausi, aliyejifungua usiku, kila baada ya sekunde kumi. Godoro lilihesabu mapigo ya moyo na kila tone la damu lililoangukia shuka, kisha kioo cha ubavuni kikatoa hukumu: SALAMA. Tangu vitanda hivyo viingie wodini, kazi ya mwanafunzi wa uuguzi ilikuwa kusoma hukumu na kubonyeza "Naafiki". Aliyepinga bure mara tatu alirudia mwaka. Msichana Sikudhani, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alishapinga mara mbili, na mara zote kitanda kilikuwa sahihi.

Asubuhi hiyo alikutana mlangoni na shangazi wa Tausi aliyebeba ndoo.

"Kuna nini humo, shangazi?"

"Kanga zake alizojitandikia, mwanangu. Mzazi gani anachafua shuka za watu? Nazifua upesi, msije mkatusema."

Kanga nne, zote zimelowa damu chepechepe. Sikudhani akaenda kumshika Tausi miguu. Ilikuwa ya baridi.

"Nesi, maji," Tausi alisema. "Kiu hii! Ila kitanda chenu kinasema mimi mzima, nami nani nikibishie?"

Moyo wake ulikwenda mbio. Kitanda, kwa kuwa hakikuona damu shukani, kiliuita uchovu wa uzazi. Sikudhani alijua godoro halipimi damu ya kwenye ndoo. Kidole kikasimama juu ya "Napinga". Mashine imeona wazazi elfu hamsini, akajiambia. Mimi nimeona kumi na mmoja.

Akabonyeza "Naafiki".

Kioo kilipogeuka chekundu, Tausi alikuwa haitiki tena. Damu ya kumwongezea ilifika mbio, ikakuta mishipa imenywea. Alikufa kabla ya saa sita.

Mkufunzi, Sista Ngonyani, hakufoka.

"Ndoo uliiona?"

"Niliiona."

"Miguu uliishika?"

"Niliishika, Sista. Lakini kitanda kilisema salama."

"Kitanda hakikuiona ndoo."

Sista akakiendea kitanda cha pili, akatupia shuka juu ya kioo chake. Mama aliyelala pale akawatazama kwa hofu.

"Mshike mkono. Yukoje?"

Sikudhani alishika. Mapigo yaligonga vidoleni mwake, naye macho yakamkimbilia kwenye ile shuka.

"Nakuuliza wewe," alisema Sista.

Miaka mitatu chuoni, ndiyo mara ya kwanza kuulizwa yeye anaonaje. Kidole cha mkono wake wa pili kikaipapasa shuka, kikitafuta "Naafiki".