"Sawa" Si Jibu

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, ndege hunguruma katika chumba cha pili. Ndege yenyewe haipo. Ipo kompyuta kuukuu yenye mchezo wa kurusha ndege, na mbele yake kijana wa watu, ambaye mtaa mzima humwita Rubani. Rubani ana mkono mmoja. Ule wa kulia uliliwa na mashine.

Kaka yake, Swichi, ndiye aliyeiwasha.

Walikuwa pamoja kwenye kiwanda cha chakula cha kuku. Humo mna pipa kubwa la chuma lenye visu vya kuchanganyia. Likiziba, mtu huingia kulizibua. Siku ile aliingia mdogo. Kaka alibaki kwenye swichi. Sauti ikatoka ndani ya pipa, ikipigana na kelele za vinu. Kaka akajibu, "Sawa!" Akabonyeza.

Wakubwa wa kiwanda hawakuchelewa. Waliandika mstari mmoja: uzembe wa wafanyakazi. Pipa likaoshwa. Bango la USALAMA KWANZA likapakwa rangi mpya. Kesho yake kuku wakala kama kawaida.

Miaka miwili sasa, ndugu hao wanaishi nyumba moja na maneno yao ni "pisha" na "funga mlango" tu.

Jumapili hii Swichi alisimama kizingitini. Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye spika, ikiita ndege ya Rubani kwa namba yake.

"Tano-mbili, hapa Mnara. Subiri kabla ya barabara ya ndege."

"Sawa, Mnara," akajibu Rubani.

"Sawa gani? Tuko sokoni hapa? Rudia nilichosema!"

"Tano-mbili, nasubiri kabla ya barabara ya ndege."

"Umerudia sahihi."

Swichi akaguna. "Mashine gani hiyo yenye mdomo mrefu?"

"Si mashine. Ni fundi cherehani, yuko kwake. Anatuongoza kwa mtandao, kama mnara wa uwanja wa ndege. Kila ndege unayoiona hapa ina mtu wake nyumbani kwake."

"Nani huyo?" ikauliza spika.

Rubani akasita. "Kaka yangu."

"Karibu, kaka. Mdomo wangu mrefu, lakini ndege zangu hazigongani." Mama yule akacheka. "Sikiliza. 'Sawa' inaniambia kwamba una mdomo. Hainiambii umesikia nini. Marubani wa kweli hurudia agizo lenyewe. Mwongozaji anasikiliza. Kama kuna kosa, linakamatwa hapo hapo, kabla halijaua mtu."

"Na rubani akisikia vibaya?" akauliza Swichi.

"Ndiyo maana tunachagua maneno. Nikitaka ungoje, sisemi 'usiruke'. Nasema 'subiri'. Redio ikila kichwa cha 'usiruke', kinabaki nini?"

"Kinabaki 'ruke'," akasema Swichi.

Akashika fremu ya mlango. Akaondoka bila kuaga.

Jumatatu, kiwandani, pipa likaziba tena. Safari hii zamu ya kuingia ilikuwa ya Mwembamba, mfanyakazi mwenzake. Swichi akazima mashine, akafunga swichi kwa ufunguo, akampa.

"Tia mfukoni. Ufunguo ukiwa kwako, hata shetani hawashi. Na neno 'usiwashe' limekufa leo. Ukitaka nisiguse kitu, sema 'simama'. Nami nitarudia. Sikubali 'sawa', wala sitoi."

Msimamizi akaja mbio. "Mnafanya maigizo? Kuku wanangoja!"

"Basi ingia wewe, bosi," akasema Swichi. "Mimi nitabaki kwenye swichi. Nitakuambia sawa."

Wafanyakazi wakacheka, kicheko kisicho na furaha. Msimamizi akalitazama pipa. Hakuingia. Hakuna aliyeingia siku hiyo bila ufunguo, wala siku zilizofuata. Baadaye msimamizi aliripoti kwa wakubwa kwamba wazo lilikuwa lake.

Alhamisi Mwembamba alitoka pipani, akarudisha ufunguo, akaenda zake nyuma ya mashine. Swichi akafungua swichi. Mara sauti ikaja, imekatwakatwa na kelele. Swichi akasikia "washa". Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Hakubonyeza. Akapaza sauti: "Nimesikia 'washa'! Niwashe?"

"Simama! Simama! Nimesema nimeacha koleo! Niko ndani!"

"Nasimama!"

Akafunga swichi. Akaenda hadi kwenye mdomo wa pipa, akamtilia Mwembamba ufunguo kiganjani. Mwembamba alikuwa amechuchumaa katikati ya visu, koleo kifuani.

"Mjinga wewe! Ufunguo unarudi mtu akishamaliza!"

"Nilidhani ni dakika moja tu."

"Mdogo wangu naye alidhani."

Jioni Swichi hakuupita tu mlango wa chumba cha pili kama kawaida. Aliingia, akaketi kitandani. Ndege ilikuwa ikinguruma.

"Siku ile," akasema, "nilisikia 'washe'."

Rubani akazima sauti ya ndege.

"Ulisikia 'washe'," akarudia Rubani polepole. "Mimi nilisema 'usiwashe'."

"Ulisema 'usiwashe'."

"Ukajibu 'sawa', kaka. Nikajua niko salama."

Swichi akafungua kinywa. Neno lililokuja ulimini ni lile lile la siku ile. Akalimeza.

"Nilijibu 'sawa'," akasema. "Ukajua uko salama."