Madirisha Hayana Mawe

Lucy alishika ncha ya utepe wa kupimia na rafiki yake Mutheu akaunyoosha hadi kwenye kona. Futi thelathini. Upande wa mlango, futi ishirini. Mutheu aliandika kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

"Polepole," Lucy alisema. "Daftari halijakukosea."

"Mwenyekiti ndiye amenikosea!"

Ilikuwa Alhamisi jioni, mwaka wa 2006. Chumba walichokuwa wakipima kilikuwa darasa jipya la shule yao huko Noonkopir. Fundi wake alikuwa Mulwa, baba yake Mutheu. Jumapili iliyopita, Mzee Kasaine, mwenyekiti wa kamati ya shule, aliwaambia wazazi kwamba mawe ya darasa lililojengwa mwaka wa 2003 yaligharimu shilingi 12,000, lakini ya hili yamefika 17,200.

"Chumba ni kile kile," alisema. "Hizo 5,200 zimeliwa na nani?"

Macho yote yalimgeukia Mulwa. Kamati ingeketi Ijumaa kumwachisha kazi. Shuleni, watoto walimzunguka Mutheu wakimcheka. "Kumbe baba yako hula mawe! Ana meno ya tindo?"

Kuzunguka chumba kulikuwa futi mia moja, na mistari ya mawe kutoka chini hadi juu ilikuwa kumi. "Futi elfu moja!" Mutheu alisema. "Leo watanitambua."

Alimwachia Lucy utepe, akakimbia hadi duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Burale, aliyeiuzia shule mawe mara zote mbili. Burale alikuwa ametunga risiti zake zote kwenye waya. Alizipekua bila haraka, akachomoa mbili.

"Mwaka ule, futi mia nane, kila futi shilingi kumi na tano. Mwaka huu futi moja ni shilingi ishirini. Wewe umepata ngapi?"

"Elfu moja."

"Mara ishirini?"

"Elfu ishirini."

"Na kamati ililipa 17,200. Sasa mawe ya hizo 2,800 baba yako aliyatoa wapi, binti yangu?"

Mutheu alifungua daftari, akapitia namba zake upya.

"Madirisha uliyatoa kwenye hesabu?" Burale aliuliza.

Hakuwa ameyatoa. Wala mlango. Burale alifunga duka, wakarudi shuleni kupima upya. Madirisha manne yalikula futi mia moja, mlango arobaini. Zilibaki futi 860, sawa kabisa na risiti ya pili.

Mulwa alikuwa akiosha mwiko wake. Mzee Kasaine alikuwa hapo akikagua kazi, mikono nyuma.

"Mzee," Mutheu alisema, akipaza sauti kwa hasira, "ukinunua mawe haya kwa bei ya mwaka ule, ni 12,900. Kazi ya baba imezidi ya darasa la zamani kwa futi sitini, yaani shilingi mia tisa. Hizo 4,300 nyingine zimeliwa na bei, si na baba!"

"Nani amekufundisha kunipigia kelele?"

"Hesabu ni yake," Burale alisema. "Risiti ni zangu. Soma."

Kasaine alisoma. Akachukua utepe, akapima dirisha moja mwenyewe, kisha akavua kofia.

"Mulwa, nilikuaibisha mbele ya watu. Kesho kamati haitakufukuza. Na Jumapili nitayasema haya mbele ya watu walewale."

"Yaseme kwa sauti ile ile," Mulwa alijibu. Kisha akamgeukia binti yake. "Shilingi ya mwaka ule na ya mwaka huu hazinunui jiwe lile lile. Ukitaka kujua kama kazi imeongezeka, tumia bei moja kwa kazi zote mbili. Na usihesabu kwa hasira, hata ukiwa na haki. Ungeniponza kwa madirisha yale."

"Pole, baba."

"Saruji nayo ilipanda," Kasaine alisema taratibu. "Wazazi wataiulizia."

Jua lilikuwa limeshuka, na namba za utepe hazikuonekana tena. Mutheu alifungua ukurasa mpya, akaandika juu yake "Saruji," akafunga daftari.

"Mifuko tutaihesabu kesho," alisema, akaubeba mwiko wa baba yake.